Sentimita Tisa za Fundi Timazi

Fundi Timazi hakuweza kukaa kwenye nyumba ya mtu dakika tano bila kugonga ukuta. Angewaamkia wenyeji, angeuliza hali za watoto, angepokea kikombe cha chai kwa mikono miwili kama mtu aliyelelewa akaleleka, kisha kidole chake cha kati kingeanza kutembea kwenye vigae vilivyo karibu naye. Ko, ko, ko. Kigae kilichoshika kina sauti yake, na kilicholalia hewa kina sauti yake, na yeye alizijua zote mbili. Msibani alijizuia. Kwingine kote mkewe alikuwa na kazi ya kumkanyaga mguu chini ya meza.

Jina lenyewe alipewa na mafundi wenzake, kwa sababu ya kile kipande cha chuma chenye ncha, kimefungwa uzi, ambacho huning'inizwa kuona kama ukuta umesimama wima. Wenzake walikitunza kwenye mfuko wa vifaa pamoja na mwiko na nyundo. Yeye alitembea nacho mfukoni mwa suruali, hata akiwa amevaa suti. Siku ya harusi yake, hiyo mkewe anasimulia mwenyewe, alikitoa akapima mlango wa ukumbi wakati watu wanasubiri picha. Mlango ulikuwa umelala kidogo upande wa kushoto, akaambia kila aliyetaka kusikia na wengine wengi ambao hawakutaka.

Kazi aliyojivunia kuliko zote ilikuwa bwawa la kuogelea la shule ya mtaa wa pili. Miaka saba nyuma shule ilimwita aje abandike vigae, maana rangi ya zamani ilikuwa inabanduka na watoto wanatoka majini na vipande vya buluu mgongoni. Alifanya kazi likizo mbili. Zile kuta mbili za mwisho, ambazo waogeleaji huzigusa na kugeuka, alizikuta na vitambi, zimetuna katikati. Aliyezijenga alikuwa na haraka zake. Fundi mwingine angebandika juu ya kitambi hivyo hivyo akaenda zake. Timazi alikataa. Akajaza saruji juu ya kitambi na chini ya kitambi, tabaka kwa tabaka, mpaka ukuta ukanyooka na uzi wake ukalala juu yake kutoka ukingoni hadi sakafuni bila kuacha nafasi ya kupitisha ukucha. Ndipo akabandika vigae. Mwalimu mkuu wa wakati ule alisema hajawahi kuona ukuta umenyooka hivyo, na sentensi hiyo Timazi amekuwa akiila kidogo kidogo hadi leo.

Na si ukuta tu alioupata pale. Siku walipojaza maji kidogo kuangalia kama panavuja, binti yake wa miaka sita alikuwa amemletea chupa ya chai. Alipogeuka kumimina kikombe, mtoto kaingia majini na nguo zake zote, anatupa miguu huku na huku, na kutoka hataki. Mhudumu wa bwawa, mzee mmoja mwembamba ambaye mikono yake inanuka klorini hata akiwa likizo, akasema, "Huyu chura huyu." Jina likashika kuliko kigae. Mama yake, ambaye ni msusi na ana kibanda chake cha kusukia mbele ya nyumba, hadi leo ukimwita Mama Chura anajifanya kiziwi, hata kama umekuja na pesa mkononi.

Sasa Chura ana miaka kumi na mitatu, na kuogelea kwake ni kulekule kwa chura, miguu ikikunjuka na kusukuma, kichwa kikichomoza na kuzama. Kwenye ukuta wa bwawa la shule kuna ubao wa rekodi, na humo jina lake limeandikwa kwa rangi nyeupe: mita mia moja, dakika moja, sekunde ishirini na nne nukta sita. Chini yake kuna mbio za kupokezana, yeye na wenzake watatu. Siku za mashindano wazazi wengine hukaa kivulini. Timazi hukaa juani, pale mwisho kabisa wa bwawa, ili mwanawe anapogusa ukuta aguse mbele ya macho ya aliyeujenga. Hajui kuogelea. "Mimi maji nayajua mpaka magotini," husema, na halioni hilo kuwa ni upungufu.

Mambo yalianza kuharibika chama cha mchezo kilipotoa sheria kwamba kila mwogeleaji chipukizi ajisajili kwenye timu moja tu kwa msimu: ya shule au ya klabu. Zamani mtoto aliweza kula huku na huku. Sasa ilikuja fomu, ina mstari mmoja wa kuandika jina la timu na mahali pa mzazi kutia sahihi, na mwisho wa kuirudisha ni Ijumaa.

Nyumba ikagawanyika. Msusi alitaka klabu. Kule kuna kocha ambaye kazi yake ni hiyo tu, kuna mazoezi asubuhi na jioni, na wapo watoto wanaomshinda Chura, jambo ambalo mama aliliona kuwa dawa. "Pale shuleni anashindana na nani?" aliuliza. "Anashindana na ubao." Timazi alitaka shule. Alitoa sababu nyingi: marafiki, masomo, mwalimu wa michezo mwenye moyo, umbali. Sababu iliyozibeba nyingine zote mgongoni hakuitaja, na mkewe hakuhitaji kutajiwa.

Jumamosi Chura akaenda klabu kujaribiwa. Akaogelea mita mia moja kwa dakika moja, sekunde ishirini na nne nukta nane. Kocha, mama mmoja mfupi mwenye filimbi shingoni na sauti isiyohitaji filimbi, alifurahi akasema njoo hata kesho. Lakini mtoto alirudi nyumbani amenyong'onyea. Sehemu mbili za kumi za sekunde kwa mtu wa kawaida ni kupepesa jicho. Kwa mwogeleaji ni kilio.

"Maji ya kule ni mazito, baba," alisema. "Nimevuta kwa nguvu zangu zote na bado nimechelewa. Pale kwetu ningekuwa nimeshafika. Mimi si wa kule. Nabaki shule."

"Unachagua timu au unakimbia?" mama yake akauliza, kitana mkononi.

"Nachagua."

Timazi alijaribu kutoonyesha furaha, akashindwa. Alitoka nje akapiga mluzi. Na pengine yote yangeishia hapo, mtoto akaandika shule, baba akaendelea kukaa juani pale mwisho wa bwawa. Lakini Jumatano asubuhi kocha alipita kibandani kusukwa, na akiwa amekaa kwenye kile kiti kifupi, kichwa kimeinamishwa, akasema kwamba hata muda wa Chura wa shule asingeweza kuuandika kwenye kumbukumbu za chama. Bwawa lile halina cheti cha vipimo.

Timazi alikuwa mlangoni anakunja mikono ya shati. "Halina nini?"

"Cheti, fundi. Lazima mtu apime athibitishe ni mita ishirini na tano. Si kwamba nasema si ishirini na tano."

"Bwawa lile halina cheti, lina fundi," alisema. Na kabla kichwa cha kocha hakijamaliza mistari mitatu, Timazi alikuwa barabarani na tepu ya mita thelathini chini ya kwapa, anakwenda kumletea huyo mama vipimo vyake.

Mhudumu wa bwawa alimkuta getini akamfungulia. Wanafunzi walikuwa madarasani, maji yametulia. Mzee akashika mwanzo wa tepu kwenye ukuta wa mbali, Timazi akaikaza kwenye ukuta wa huku. Anajua tepu ikilegea inadanganya, kwa hiyo aliivuta mpaka ikalia. Akainama kusoma. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Umebana sawasawa huko, mzee wangu?"

"Nimebana mpaka kidole kinauma."

Ishirini na nne, na sentimita tisini na moja. Wakahamia mstari wa pili, wa tatu, mpaka wa sita. Ukuta ule ulinyooka kweli kweli, kwa sababu kila mstari ulisema neno lile lile, tisini na moja, tisini na moja. Mzee akatoa wazo kwamba huenda tepu imezeeka. Timazi akalipenda wazo hilo sana. Akaenda karakana ya shule kuazima nyingine, mpya, bado ina karatasi ya dukani. Nayo ikasema tisini na moja.

Akakaa ukingoni na viatu vyake. Hakuhitaji mtu kumweleza. Saruji ya kunyoosha vile vitambi, tabaka kwa tabaka, huku sentimita nne na nusu na kule nne na nusu. Alipima wima likizo mbili nzima. Urefu hakupima hata mara moja, maana urefu aliukuta, na nani anapima kitu alichokikuta? Miaka saba amekuwa akiingia kwenye bafu za watu na kuwaambia kasoro zao. Nyani haoni nini yake, wahenga walimaliza wenyewe.

"Fundi," mzee akasema taratibu, "mimi macho yangu si mazuri. Sijasoma kitu."

Ilikuwa ni zawadi, na Timazi alijua ni zawadi. Alimshukuru akakunja tepu.

Nyumbani mkewe alimpokea kwa swali. "Umepima?"

"Nimepima."

"Ikawaje?"

"Imepimika," alisema, akaenda kuoga, na alikaa bafuni muda mrefu bila kusikika akigonga kigae hata kimoja. Msusi aliinua uso kutoka kwenye kazi yake akautazama ule mlango. Mumewe huyu, akishinda jambo, mtaa wa pili hupata habari.

Usiku ule na siku iliyofuata Timazi alizunguka na sentimita zake tisa kama mtu mwenye mwiba mguuni. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Mwanawe abaki shule kama anavyotaka, jina libaki kwenye ubao, na fundi abaki fundi. Akisema, ubao wote wa miaka saba unafutwa, na watoto wa watu watamjua kwa jina lingine. Alijaribu kuliona jambo hilo kuwa dogo. Lakini kila alipolipunguza alimsikia mtoto akisema maji ya kule ni mazito. Mtoto amejipima kwa ukuta wa baba yake akajiona hafai. Hilo lilimuuma kuliko jina, na alishangaa kuona kuna kitu kinachoweza kumuuma kuliko jina.

Alhamisi jioni Chura alikaa chini, katikati ya magoti ya mama yake, nywele zikipambanuliwa. Klorini huzikausha zikawa ngumu, na msusi huipiga vita kila wiki kwa mafuta na maneno makali. Fomu ilikuwa kwenye stuli, na mtoto alikuwa ameshafungua kalamu.

"Usiandike kwanza," Timazi alisema.

Wote wawili wakamtazama.

"Bwawa la shule ni fupi. Limepungua sentimita tisa. Ni mimi niliyelipunguza, kwa saruji yangu, nikinyoosha ukuta." Alivuta pumzi. "Jana nilipima mistari yote sita. Kwa tepu mbili."

Kitana kilisimama hewani. Msusi alikuwa na maneno ya miaka kumi na mitano yanayosubiri nafasi kama hii, na kwa heshima yake lazima isemwe kwamba aliyameza karibu yote. "Kumbe ndiyo maana ukuta wa bafuni jana haukugongwa," alisema tu.

Chura alinyanyuka na nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama, akaenda kukaa barazani. Timazi akamfuata, akakaa ngazi ya chini yake.

"Jina langu litafutwa," mtoto alisema.

"Litafutwa."

"Na la wenzangu."

"Na la wenzako. Nisamehe, mama."

Mtoto aliangalia upande mwingine. Baba akangoja, kwa sababu hakuna kifaa mfukoni mwake cha kunyooshea jambo la namna hiyo. Baadaye mtoto akanyoosha mkono. "Nipe tepu."

Akaikunjua sakafuni. Mita mia moja ni kwenda na kurudi mara mbili, kuta nne. Tisa mara nne. Akaishika kwenye thelathini na sita akakitazama kile kipande muda mrefu. Ni kigae kimoja na ukingo wa cha pili. Akalala kifudifudi pale pale barazani, akakunja miguu, akasukuma hewa, akasimama, akaanza kunong'ona namba. Alijua mwendo wake kama mtu anavyojua njia ya kwenda dukani.

"Hiyo ni sehemu tatu za kumi za sekunde," alisema. "Baba. Mimi nilichelewa sehemu mbili tu."

"Ndiyo hivyo."

"Kwa hiyo kule nilikwenda kasi zaidi. Kule ndiko nimewahi kwenda kasi kuliko siku zote."

"Maji ni yale yale, mwanangu. Ukuta wangu ndio ulikuwa unakuja kukupokea."

Mlangoni mama yake alianza kucheka, mwanzo kwa pua, kisha kwa mwili mzima, mpaka ikabidi ashike mhimili. Chura naye akaanza. Timazi alikuwa wa mwisho, na alicheka kwa tahadhari, akiwa bado hajui kama ameruhusiwa.

Mtoto akaingia ndani na kuandika klabu. Aliandika taratibu, hati ya darasani, kisha akampa baba yake kalamu na kuizuia fomu kwa kiganja. "Sitii wino ukauke bure," alisema kwa sauti ya mama yake kabisa. "Nina sharti. Ulirekebishe bwawa likizo hii, kabla msimu haujaanza. Na likijaa, sisi wanne tuogelee kwanza. Sitaki kuondoka pale nikiwa nimefutwa." Timazi akatia sahihi pasipo kubishana.

Ijumaa alikwenda kwa mwalimu wa michezo, akamweleza yote wima kama alivyozoea. Mwalimu alisikiliza huku akizungusha kipande cha chaki. "Ungenyamaza nani angejua, fundi?"

"Mwanangu angebaki akidhani maji ni mazito."

Mwalimu akafikiri, kisha akaleta ngazi na kitambaa, wakaufuta ubao pamoja. Wale wasichana watatu walinuna siku mbili. Mmoja alimuuliza Timazi, kwa adabu zote, kama ni yeye pia aliyechora uwanja wa mbio. Mtaani mafundi wenzake walipata chakula cha mwezi mzima. Walimsalimia kwa kuonyesha vidole tisa hewani, naye aliwaitikia kwa vidole tisa, akaona hafi.

Likizo nzima alikuwa ndani ya bwawa kavu na patasi, anabomoa ukuta ulionyooka kuliko kuta zote alizowahi kujenga. Aliubomoa huku anausifia. Vile vitambi vya chini alivisaga, akapaka gundi nyembamba, akabandika upya. Kila jioni tepu ilinyooshwa kwanza ndipo timazi ikatoka mfukoni. Siku ya kupimwa alikuja mtu wa chama na kifaa chake cha mwanga, pamoja na kocha mwenye filimbi, aliyesema amekuja kuangalia tu. Kifaa kikasoma mita ishirini na tano na sentimita moja.

"Hii moja ya nini?" kocha akauliza.

"Ya adabu," Timazi alijibu. Mtu wa chama akasema kuzidi kidogo kunaruhusiwa, akaandika cheti.

Maji yalijaa Jumamosi. Wazazi wengine walikaa kivulini, msusi akiwa katikati yao na mwavuli, na siku hiyo aliyemwita Mama Chura aliitikiwa. Timazi alikaa mahali pake, juani, mwisho wa bwawa. Kabla ya kupanda kwenye jukwaa la kurukia, mtoto alimpitia.

"Umepima?"

"Nimepima."

"Ikawaje?"

"Hakuna ukuta utakaokuja kukupokea leo," alisema. "Uufuate mwenyewe."

Akaufuata. Alikwenda na kurudi, akaenda tena, kichwa kikichomoza na kuzama, na mara ya mwisho alikuja moja kwa moja kwenye viatu vya baba yake akagusa kwa mikono miwili. Mwalimu akasoma saa yake kwa sauti: dakika moja, sekunde ishirini na nne nukta saba. Kwa tarakimu ulikuwa muda mbaya kuliko ule uliofutwa, kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, na watu walishangilia mpaka mhudumu wa bwawa akaacha ndoo yake. Mwalimu akapanda ngazi na brashi ya rangi nyeupe.

Chura hakuangalia ubao. Alibaki ameshikilia ukingo, anahema, maji yanamchuruzika usoni. Kisha akakunja kidole cha kati, akagonga kigae kilicho mbele yake. Ko, ko. Akasogea cha pili, akainamisha sikio, akagonga tena, huku Timazi akiwa juu yake hajui pa kuweka uso wake.

"Kimeshika, baba," alisema, akajivuta kutoka majini kwenda kuwaita wenzake watatu.